Shamba Juu ya Lava: Utangulizi wa Elimu ya Viumbe wa Mashamba ya Goma

Kivu Kaskazini imeandikiwa mengi kuhusu wanyama wake wakubwa. Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa jina la Mbuga ya Albert, ni mbuga ya taifa ya kwanza barani Afrika, na gorila wake wa milimani wanafahamika hata kwa watu wasiojua Goma iko upande gani wa dunia. Hata hivyo, wakulima wengi wa Nyiragongo, Masisi na Rutshuru huzeeka bila kumwona gorila hata mmoja. Viumbe wanaoamka nao kila siku ni wengine: nyuki kwenye maua ya maharagi, siafu wanaokata njia ya shambani, kinyonga kwenye ua wa minyaa, kishona-nguo kwenye pindo la kitenge, simbilisi wanaolialia chini ya meza ya jikoni, paka aliyelala juu ya gunia la mahindi. Hao ndio wahusika wa elimu ninayokukaribisha.

Elimu hii ina maswali matatu. Kiumbe huyu ni nani? Amefikaje hapa? Anampa nani kitu, na anamnyang'anya nani? Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuyauliza, na profesa akiyafuata kwa uaminifu atazeeka nayo bila kuyamaliza. Mtu anayeyauliza shambani mwake hupata furaha kwanza na faida baadaye, na furaha hiyo si jambo la kuonea haya. Anayemtazama dundu kwa saa nzima akisukuma tonge lake la mavi hajapoteza saa. Amejifunza namna malisho yanavyopata mbolea, na amejifunza kwa moyo mkunjufu, kwa hiyo hatasahau.

Nina hoja moja ambayo nitairudia kwa mifano mingi. Mkulima wa Goma anaweza kuisoma elimu hii vizuri kuliko wengi duniani, kwa sababu ardhi yake ni changa na siku ya kuzaliwa kwake inajulikana. Kila kilicho hai juu ya lava kimekuja kutoka mahali fulani, kikaleta kitu fulani, kikampisha mwingine. Tukifuata nani amemletea nani nini, shamba zima linasomeka.

Ardhi yenye tarehe ya kuzaliwa

Mahali pengi udongo ni wa kale mno, na hakuna ukoo wenye habari ya mwanzo wake. Goma si hivyo. Nyiragongo, mlima wa mita 3,470 unaosimama kaskazini ya mji, ulimwaga lava tarehe 10 Januari 1977, ukarudia tarehe 17 Januari 2002, kisha tarehe 22 Mei 2021. Lava ya 2002 ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Ile ya 2021 ilisimama upande wa Buhene, ukingoni mwa mji. Kwa waliopoteza ndugu na nyumba, tarehe hizi ni za kilio, na hakuna elimu itakayofuta hilo. Lakini tarehe hizohizo ndizo zinazotuwezesha kuuliza jiwe umri wake na kupata jibu la kweli. Kando ya barabara ya Rutshuru, upande wa Munigi na Kibati, mtu anaweza kutembea asubuhi moja na kukanyaga mawe ya vizazi mbalimbali, kila kizazi na wakazi wake.

Mkazi wa kwanza anayeonekana kwa macho ni likeni wa kijivu, mwenye vitawi vifupi vilivyosimama, anayevika jiwe jeusi koti mpaka linapauka kwa mbali. Wataalamu humwita Stereocaulon vesuvianum. Ukimtazama kwa kioo cha kukuzia utadhani ni mmea mmoja, kumbe ni viumbe kadhaa walioungana. Kuvu hushika jiwe na kutunza unyevu. Mwani mdogo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Mshirika wa tatu, bakteria wa rangi ya kijani-buluu, hufanya kazi ambayo wengine hawaiwezi: huchukua naitrojeni ya hewani, ile ambayo shuleni Goma huitwa azoti, na kuigeuza kuwa chakula cha uhai.

Hapo ndipo siri ya ardhi yetu ilipo. Lava ya Nyiragongo ina utajiri wa potasiamu na fosforasi, madini ambayo wakulima wa nchi nyingine huyanunua madukani kwa magunia. Lakini jiwe halina naitrojeni. Bila naitrojeni hakuna jani, na bila jani hakuna shamba. Kwa hiyo likeni anapokufa na kuoza ufani mwa jiwe, anaacha kile kilichokosekana. Kisha kangaga huota kwenye nyufa zenye kivuli, nyasi na vichaka hufuata, mizizi hupasua mwamba, na majani yanayoanguka hujenga udongo. Mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji Jean Lebrun alizisoma hatua hizi kwa makini na kutoa kazi yake kuhusu mimea ya lava ya kaskazini mwa Ziwa Kivu mwaka 1960. Lava ya 1977, ya 2002 na ya 2021 zilikuja baada ya kazi hiyo. Hizo zimeachiwa wasomi wa leo.

Sasa tazama maharagi yanayopanda miti shambani. Ng'oa mmea mmoja polepole, uoshe mizizi, utaona vinundu vidogo. Pasua kimoja kwa ukucha: kikiwa na wekundu ndani, kinafanya kazi. Ndani yake wamo bakteria wa jamii nyingine, nao huchukua naitrojeni hewani kama afanyavyo yule mshirika wa likeni juu ya jiwe tupu. Mama anayepanda maharagi kwenye kiganja cha udongo katikati ya mawe anaendeleza kazi iliyoanzishwa na likeni. Nimewaona wanafunzi wakinyamaza walipoelewa jambo hili mara ya kwanza, maana chakula cha kila siku kilikuwa kimeunganika ghafla na mlima.

Wadudu nao hawangoji udongo uwe tayari. Kisiwa cha Krakatau, Indonesia, kilipolipuka mwezi Agosti 1883, uhai wote juu yake uliteketea. Mwezi Mei 1884 wageni kutoka Ufaransa walipokitembelea, kiumbe hai waliyemkuta alikuwa buibui mmoja mdogo aliyekuwa akitanda utando wake. Alifika kwa upepo. Juu ya lava zetu, buibui na wadudu wanaopeperushwa hufika vivyo hivyo, na wanaokufa hapo huacha miili yao iwe mbolea. Mtu akikuambia kwamba lava mpya haina kitu, mwombe muiname pamoja muitazame kwa karibu.

Jambo moja zaidi kuhusu ardhi. Mwamba wetu una matundu na nyufa, maji ya mvua hupotelea chini, na uwanda wa Goma una vijito vichache sana. Ndiyo maana watu huteka maji ziwani au kuyakinga mapaani. Kwa viumbe wa shambani hii ina maana kubwa: kereng'ende na vyura hukusanyika penye pipa, tangi na dimbwi. Mbu pia. Anayetaka kuwajua wakazi wa maji aanzie kwenye chombo cha maji cha nyumbani kwake, kisha akifunike vizuri.

Mimea isiyopandwa na mtu

Jembe hutufundisha kuita kila kisichopandwa gugu. Elimu hii inaomba jembe lisubiri kidogo, ili kila mmea ujibu yale maswali matatu kabla ya hukumu.

Kishona-nguo, Bidens pilosa, asili yake ni Amerika. Mbegu zake zina miiba inayong'ang'ania nguo, manyoya ya mbuzi na mkia wa mbwa, na kwa njia hiyo mmea huu umezunguka dunia nzima. Shambani hunyang'anya mazao mwanga na maji. Lakini tazama kichaka chake wakati ambapo maharagi hayajachanua: nyuki wamejaa. Simbilisi hula majani yake kwa hamu, na vijijini wengi huyachuma yakiwa machanga kuwa mboga. Mmea mmoja una ubaya na wema wake, na mkulima mwenye habari zote mbili huamua mwenyewe auache wapi na aung'oe wapi.

Alizeti pori, Tithonia diversifolia, ilitoka Meksiko na Amerika ya Kati ikaletwa Afrika kwa uzuri wa maua yake ya manjano. Leo imejaa kandokando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba. Majani yake mabichi yana naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa wingi na huoza upesi, hivyo mkulima akiyakata na kuyafukia hupata mbolea bila kulipa kitu. Wale wanaoiona kama kichaka cha kuficha nyoka wangeiona kwa jicho jingine kama wangejaribu tuta moja tu, wakalilinganisha na tuta la jirani yake.

Lengalenga huota yenyewe penye samadi, na mnavu penye majivu ya moto wa zamani. Zote mbili ni mboga zenye heshima mezani, na zote mbili ni dalili: zinakuonyesha mahali ambapo udongo umeshiba. Juu zaidi, kwenye baridi ya miteremko ya milima ya Mikeno na Karisimbi, kuna mmea unaowasha mwili kwa kuugusa, Urtica massaica. Binadamu huukimbia. Gorila wa milimani huukunja majani kwa ustadi na kuula.

Mwamba-ngoma, mti wa maua mekundu ambao wasemaji wa Kinyarwanda huuita umuko, unastahili mtu asimame mbele yake kwa muda. Ni jamii ya kunde, kwa hiyo mizizi yake nayo ina bakteria wa naitrojeni. Huchanua matawi yakiwa hayana majani, na ndege wa jamii ya chozi huja kufyonza asali ya maua. Kigogo kikichomekwa ardhini huchipua, kikawa nguzo hai ya ua. Masimulizi ya kale ya eneo hili la maziwa yanasema Ryangombe, shujaa na mwindaji, alipigwa pembe na nyati akafia chini ya mti huu, na ndiyo maana waumini wake waliutukuza. Elimu ya mimea haiwezi kuyaacha nje masimulizi kama hayo. Mti ulioheshimiwa haukukatwa ovyo, na ulioachwa ukaendelea kulisha ndege na udongo.

Iko pia mimea yenye sumu inayotumika kwa busara. Utupa, Tephrosia vogelii, hupandwa kuwafukuza fuko, na wavuvi wa zamani waliutumia kulewesha samaki. Pareto, ua jeupe lenye moyo wa manjano, lililimwa sana kwenye nyanda za juu za Kivu na Rwanda kwa sababu dawa yake huishambulia mishipa ya fahamu ya wadudu. Mmarekani Rosamond Halsey Carr alifika Kongo mwaka 1949 kwenye mashamba ya pareto, na kuanzia 1955 alilima pareto na maua ya kuuza huko Mugongo, upande wa Rwanda wa milima hii; alifariki mwaka 2006. Kitabu chake kuhusu maisha hayo kinaonyesha kwamba mtu anaweza kuwa na shamba moja miaka mingi na bustani ikaendelea kumfundisha.

Wadudu, wenye shamba hasa

Mfaransa Jean-Henri Fabre alinunua kiwanja chenye mawe na miiba huko Sérignan mwaka 1879, ardhi ambayo wakulima waliikataa. Humo akawachunguza nyigu, buibui na dundu wa mavi kwa zaidi ya miaka 30, akaandika majuzuu 10. Vifaa vyake vilikuwa uvumilivu, daftari, na kiwanja hicho. Namtaja kwa sababu mawe na miiba si haba kwetu.

Tuanze na siafu, maana hakuna nyumba ya shambani isiyo na habari zao. Wafanyakazi wao ni vipofu. Hufuata harufu na mguso, na kwa njia hiyo msafara wa maelfu kwa maelfu hupita bila kupotea. Kuku aliyefungwa kamba au kifaranga aliyefungiwa kwenye tundu hana nafasi mbele yao. Kwa hiyo wazee wana kanuni iliyo sahihi kabisa: wafungulie mifugo, mwaga majivu pale usipotaka wapite, kisha waache. Siafu wakipita nyumbani huondoka na mende, viroboto, buibui na watoto wa panya waliojificha kwenye nyufa. Siku ya pili nyumba imesafishwa kuliko ambavyo dawa ya dukani ingeisafisha.

Dundu wa mavi ana historia yake. Kwenye malisho ya Masisi, ambako maziwa ya ng'ombe hugeuzwa jibini maarufu ya duara inayoliwa Goma yote, ng'ombe huacha chakula cha dundu kila mahali, naye hukifukia kabla nzi hawajazaliana. Akikifukia huzika naitrojeni pale mizizi ya nyasi inapoifikia, na majani mapya huwa maziwa mapya. Watafiti waliofanya kazi Afrika ya Kusini walionyesha mwaka 2013 kwamba jamii moja ya dundu hawa husukuma tonge usiku kwa kufuata Njia Nyeupe, ule mkanda mweupe wa nyota tunaouona angani usiku usio na mwezi. Mdudu anayeishi kwenye mavi anasoma anga. Sijui sababu nzuri zaidi ya kumwonyesha mtoto vitu hivi viwili siku moja.

Migomba inatufundisha kwa uchungu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ugonjwa wa mnyauko wa bakteria ulizuka Uganda na katika Masisi, na migomba ya familia nyingi ikaoza. Ugonjwa huu ulikuwa umeelezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968. Namna unavyosafiri ni somo la wadudu: nyuki, nyigu na nzi huenda kunywa kwenye ua dume, lile jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, wakabeba bakteria kutoka mgomba mgonjwa hadi mzima. Dawa iliyopatikana kwa kuwatazama ni rahisi. Mkungu ukishatoa vichane vyake, livunje ua dume kwa mti wenye panda. Kisu kisitumike, kwa sababu kisu nacho hubeba ugonjwa. Mkulima anayejua nyuki amefuata nini pale juu hahitaji kuamrishwa. Anavunja ua, nyuki wanabaki.

Kiwavijeshi vamizi ni mgeni mwingine kutoka Amerika. Alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na baada ya muda mfupi alikuwa kwenye mahindi ya sehemu kubwa ya bara. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Mkenya Thomas Odhiambo, kimewafundisha wakulima kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya malisho pembeni: harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo, majani ya pembeni huwavuta. Njia hiyo ilibuniwa kwa viwavi wanaotoboa mabua, ikasaidia pia dhidi ya mgeni huyu. Desmodiamu ni jamii ya kunde. Msomaji makini ameshajua inaleta nini udongoni.

Na wapo wadudu wa kuliwa. Senene, Ruspolia differens, huja kwa makundi majira ya mvua, wakivutwa na taa, na kutoka Bukoba hadi Kampala na kwetu Kivu hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Kumbikumbi hutoka baada ya mvua za kwanza. Mtoto anayewakimbiza hawa anajua saa yao, mwanga wanaoupenda na mvua wanayoingojea. Tayari ni mtafiti, amekosa daftari tu.

Nimwombee pia kinyonga, anayeishi kwa kuwala wadudu hao. Katika milima yetu yupo Trioceros johnstoni, ambaye dume lake lina pembe tatu usoni. Watu wengi humwogopa na kumpiga mawe. Hana sumu, na meno yake hayawezi kumdhuru mtu. Anayemwacha kwenye ua wa bustani yake amempata mlinzi asiyelipwa.

Wanyama tunaolala nao

Simbilisi, ambao wengi Goma huwaita kobayi, walifugwa kwanza kwenye milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Leo ni mifugo ya jikoni Kivu nzima, na mara nyingi wenye mali ni akina mama na watoto. Mimba yao huchukua siku 68 hivi, na kitoto huzaliwa na manyoya, macho yakiwa wazi, tayari kutembea. Mwili wao, kama wetu, hauwezi kutengeneza vitamini C, kwa hiyo wakikosa majani mabichi huugua kiseyeye. Wape majani, na kishona-nguo kile ulichotaka kukitupa. Mavi yao, makavu na madogo, hurudisha naitrojeni kwenye tuta la lengalenga. Familia inapolazimika kukimbia vita, simbilisi huingia kikapuni; ng'ombe hubaki nyuma. Hali hiyo tumeizoea mno katika Kivu, na inaeleza kwa nini mnyama huyu mdogo ana thamani ambayo haipimwi kwa uzito wake.

Mbwa wa Kongo wana sifa yao duniani. Wale wasiobweka kama mbwa wengine, waliofungwa kengele za mti shingoni wakati wa kuwinda, walipelekwa Uingereza miaka ya 1930, na uzao wao unajulikana kwa jina la basenji. Mbwa wa shambani kwetu, awe wa uzao gani, anastahili chanjo ya kichaa cha mbwa kila inapopatikana, chakula, maji, na jina. Paka anastahili shukrani kwa kila gunia la mahindi lililobaki zima.

Hapa sina budi kutoa onyo linalohusu Goma hasa. Katika mabonde na mashimo ya upande wa magharibi wa mji, kuelekea Bulengo, Ziwa la Kijani na Sake, gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia mahali pa chini, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umelala. Watu huiita mazuku. Haionekani. Mbuzi, mbwa na kuku huanguka kwanza kwa sababu pua zao ziko karibu na ardhi, na mtoto aliyeinama yuko hatarini kuliko mtu mzima aliyesimama. Ukikuta ndege, panya au wadudu wengi wamekufa pamoja shimoni, rudi nyuma mara moja, panda juu, zuia wengine wasishuke kuwaokota. Usimfunge mnyama kwenye bonde la namna hiyo hata kwa saa moja. Hapa kusoma dalili ndogo kunaokoa maisha.

Upo pia mpaka wa upendo. Kasuku wa kijivu anayeuzwa barabarani hakuzaliwa nyumbani mwa mtu. Alinaswa msituni, na wenzake wengi walikufa njiani. Mwaka 2016 nchi zilizotia saini mkataba wa CITES zilipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliotoka porini. Sokwe wachanga wanaofungwa kamba kiunoni wana mama waliouawa. Kituo cha Lwiro, Kivu Kusini, kimekuwa kikiwapokea na kuwalea tangu 2002. Anayependa wanyama ana simbilisi, sungura, paka, mbwa, njiwa na kuku wa kumtosha. Wa msituni tuwapende huko huko kwao.

Namna ya kuanza

Mwaka 1789 kasisi wa Uingereza, Gilbert White, alichapisha kitabu kuhusu ndege, wadudu na majira ya kijiji chake, Selborne. Mpaka leo wanasayansi hurejea maandishi yake kwa sababu aliandika tarehe. Ndiyo kanuni ya kwanza. Chukua daftari la shule, andika siku, mvua ilivyokuwa, na ulichokiona. Goma ina vipindi viwili vya mvua, kuanzia Machi hadi Mei na kuanzia Septemba hadi Desemba, na ukiwa na mwaka mmoja wa maandishi utaanza kujua nani hutangulia mvua na nani huifuata.

Kanuni ya pili ni kuchagua mahali padogo. Pima mita moja ya mraba kwenye kona ya shamba, juu ya ukuta wa mawe, au juu ya lava yenyewe, na upatembelee mara kwa mara. Usiku tundika shuka jeupe karibu na taa uone nondo wanaofika. Mchana tandika kitambaa chini ya tawi, litikise, uhesabu walioanguka, kisha uwarudishe. Fukia mkebe mtupu hadi mdomoni, uutazame asubuhi, uwaachilie wakazi wake.

Kanuni ya tatu ni kuuliza wenye kujua. Andika jina la kila mmea kwa Kihunde, Kinande, Kinyarwanda na Kiswahili, pamoja na matumizi yake na jina la kijiji ulikolisikia. Vita vimewang'oa watu wengi kutoka Masisi na Rutshuru na kuwaleta Goma. Wamekuja bila mashamba yao, lakini bibi aliyelima Masisi miaka 40 anajua ni jani gani humponya ndama na ni mdudu gani hutangaza mvua. Mpe kiti, mpe muda, mwandike kwa heshima. Maarifa yake yakipotea, hakuna maktaba itakayoyarudisha. Wanafunzi wenye nafasi wafike pia Lwiro, kwenye taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1947 na sasa inayoitwa CRSN, wakaone wadudu na mimea iliyohifadhiwa, na wajue kwamba makusanyo yale yalianza kwa watu waliookota, wakaandika tarehe na mahali.

Kazi iliyo mbele yako haijakamilishwa na mwingine. Ni wadudu gani wametangulia kukaa juu ya lava ya 2021 nyuma ya nyumba yenu? Nyuki wa jamii gani hutembelea maharagi yenu, na saa ngapi? Tuta lenye alizeti pori limezidi la jirani kwa kiasi gani? Mtu anayeishi hapo, mwenye daftari na macho, ndiye anayeweza kujibu kwa uhakika. Profesa wa mbali atakuja kwa wiki mbili na kuondoka. Wewe utakuwepo mvua ikianza na mvua ikiisha. Chagua mita yako ya mraba leo, andika tarehe, na uandike jina la kiumbe wa kwanza uliyemkuta hapo.